Kilima Kilichohama

Tulijipanga Mkunguni, mbele ya ngome,
alfajiri imeswaliwa, jua halijaamua,
watu mia na sabini, namba tumezibana kwa pini
juu ya fulana, juu ya kanzu, juu ya buibui.
Tuliahidiwa baragumu.
Ikalia sufuria.

Bwana Shekuwe aliipima njia mwezi wa Machi
kwa gurudumu la baiskeli lenye utepe mwekundu,
akihesabu mizunguko kwa tasbihi ya marehemu babake:
Shela, mchangani, Kipungani, Matondoni, nyumbani,
arubaini na mbili na kitu,
na hicho kitu akakiandika kwa wino.
Lakini kati ya Machi na Agosti upepo uligeuka,
na vilima vya Shela si vya mawe.
Hulala hapa, huamka pale.

Basi tulipotokea nyuma ya kijiji
mshale wa chokaa ulituelekeza tambarare,
na pa tambarare palikuwa na kilima.
Kwenye karatasi hakikuwepo.
Kilikuwepo.

Kurgat, kijana wa Kapsowar,
aliyezaliwa, alituambia, mahali ambapo hata choo kiko mlimani,
alikivamia wima.
Hatua mbili juu, moja chini.
Hatua mbili juu, mbili chini.
Mchanga hupokea mguu, haurudishi kitu.
Watoto wamekaa kileleni wanapiga kelele,
"Ndoo! Ndoo yuu! Ndoo!"
na maskini yule, ulimi umekauka,
anageuza shingo huku na huku akiitafuta ndoo,
akiamini kuna maji.
"Wanakuita," nikamwambia. "Huku kwetu ndoo ni njoo."
Akacheka, na kicheko kikamrudisha chini hatua tatu.

Mimi kazi yangu ni zahanati ya punda.
Miaka kumi na tisa nimeinamia kwato,
nimetoa misumari, vigae, miiba,
na nimewaona wakipanda na viroba vya mchanga mgongoni.
Punda hapandi kilima.
Hukizunguka, hukidanganya, huku kidogo, kule kidogo,
kichwa chini kama aliyeangusha sarafu,
mpaka kilima kinasahau kwamba kinapandwa.

    Kushoto, hatua saba,
    kulia, hatua saba,
    pumzi haba kwa haba,
    usitazame kilele.

Nyuma yangu nikasikia mtu anahesabu,
taratibu, kwa Kiswahili cha darasani: moja, mbili, tatu.
Bingwa wa milima amekuwa punda wa pili.

Juu hapakuwa na ndoo.
Palikuwa na binti wa miaka minane hivi, Mwanajabu,
na embe bichi la pilipili kwenye kipande cha gazeti.
Kurgat akameza, akakohoa, akateremka kama jiwe,
sikumwona tena hadi adhuhuri.

Baada ya hapo sikumbuki mengi.
Pwani ndefu ya Kipungani, jua limeshaamua.
Kilomita ya thelathini goti la kushoto likaanza kuniambia
maneno ambayo hata mtalaka wangu hakuthubutu.
Matondoni wanawake walikuwa wakisuka mikeka,
hawakuinua vichwa. Mmoja tu aliuliza,
"Nani anawafukuza?"

Nikamaliza wa sitini na moja.
Saa za mikononi zikagombana na gurudumu la baiskeli:
arubaini na tatu na robo, arubaini na tatu na nusu.
Bwana Shekuwe akaapa, akaivuta tasbihi upya,
akasema njia yake ni sahihi, kosa ni la kilima.
Hatukuwa na pumzi za kubishana.

Nyumbani nikavua viatu kizingitini, nikavikung'uta.
Mchanga ukashuka, ukashuka, haukwisha.
Mama akatoka na fagio, akasimama.
"Mwana we, kilima umekieta nyumbani?"

Nikauzoa kwa mikono miwili,
nikaumwaga kwenye chungu cha mpilipili.
Mwakani Bwana Shekuwe apime tena.
Aanze kwa kuutoa huo.